Kikulacho ki nguoni mwako: Funzo la Mfalme Edipode

Kila mwaka walimu wa fasihi huwatwika wanafunzi wao swali lile lile: jadili jinsi mwandishi alivyolishughulikia suala la sura ya nje na ukweli uliofichika. Na kila mwaka majibu huwa yale yale. Mwanafunzi humsaka mnafiki katika tamthilia, akamtaja jina, akaonyesha utamu wa maneno yake na uchungu wa matendo yake, kisha akaweka kalamu chini. Kwa Macbeth, anayemkirimu Mfalme Duncan usiku ule ule anaomuua, jibu hilo linatosha. Linatosha pia kwa Iago, anayesifiwa uaminifu na wale wale anaowachimbia kaburi.

Hata hivyo, ipo tanzia moja iliyozitangulia hizo kwa takriban miaka 2,000 na ambayo inaivunja kanuni hii. Ni tamthilia ya Sophocles wa Athens, iliyoigizwa yapata mwaka 429 kabla ya Kristo, na ambayo wasomaji wa Kiswahili waliipata mnamo 1971 kwa tafsiri ya Samuel Mushi, Mfalme Edipode. Msake mnafiki humo usiku na mchana, hutampata. Hakuna fisi aliyevaa ngozi ya kondoo. Aliyefichwa ukweli ndiye huyo huyo anayeuficha, na wala hana habari.

Kisa chenyewe ni hiki. Mji wa Thebes umevamiwa na tauni. Mazao yanakauka, mifugo inakufa, mimba zinaharibika. Mfalme Oedipus, aliyewahi kuuokoa mji huo kwa kutegua kitendawili cha zimwi Sphinx, amemtuma shemeji yake Creon kwenye hekalu la Apollo huko Delphi kuuliza dawa. Jibu linakuja kwamba damu ya Laius, mfalme aliyetangulia, haijalipiwa, na aliyeimwaga yumo nchini. Oedipus anaapa kumsaka muuaji huyo kana kwamba anampigania baba yake mzazi, na kumlaani hata akipatikana nyumbani mwake mwenyewe. Kabla siku hiyo haijakwisha anagundua kwamba muuaji ni yeye, kwamba Laius ndiye aliyekuwa baba yake mzazi, na kwamba Malkia Jocasta, aliyezaa naye watoto wanne, ni mama yake.

Watazamaji wa Athens walikijua kisa hiki kabla hawajaketi. Ndiyo maana kila neno la mfalme liliwafikia likiwa na maana mbili: ile aliyoikusudia yeye na ile waliyoijua wao. Hiki ndicho kinaya ambacho wanafunzi wetu hukikariri katika orodha ya mbinu za sanaa bila kuuhisi ukali wake. Chukueni mfano mmoja. Creon anaripoti kwamba mtu pekee aliyenusurika alisema Laius aliuawa na wanyang'anyi. Oedipus anapojibu, anamtaja mnyang'anyi, mmoja. Kiambishi cha wingi kimemponyoka kinywani naye hakutambua. Baadaye, shaka inapoanza kumtafuna, tumaini lake lote linaning'inia kwenye kiambishi hicho: shahidi akishikilia kwamba walikuwa wengi, basi yeye aliyekuwa peke yake amenusurika, kwani mmoja hawezi kuwa wengi. Mwalimu anayefundisha ngeli ya A-WA hatapata mfano wa kutisha kuliko huu wa tofauti iliyopo baina ya m- na wa-.

Tazameni tena jina lake. Oedipus ni mwenye miguu iliyovimba. Alipokuwa mchanga wa siku tatu vifundo vya miguu yake vilitobolewa na kufungwa pamoja, akatolewa akatupwe mlimani Cithaeron, kwa kuwa ilitabiriwa kwamba mtoto huyo angemuua baba yake. Mchungaji aliyepewa kazi hiyo akamhurumia, akampa mchungaji mwenzake wa Corinth, naye akampeleka kwa Mfalme Polybus asiyekuwa na mtoto. Basi kila raia wa Thebes aliyemwita mfalme wake kwa jina alikuwa akiitangaza siri hiyo hadharani. Kumbe ukweli haukuwa umefichwa shimoni. Ulikuwa ukitamkwa asubuhi na jioni, na hakuna aliyeusikia.

Swali linalopaswa kutukera ni hili: kwa nini hakuna aliyeusikia? Wapo wanaojibu upesi kwamba ni majaaliwa, kwamba miungu ilikwisha kuamua, na binadamu hawezi kushindana na kudra. Jibu hilo lina ukweli wake, lakini linatupumzisha mapema mno. Sophocles ametuwekea ushahidi mwingine. Oedipus alipokuwa kijana Corinth, mlevi mmoja alimwambia karamuni kwamba yeye si mtoto halisi wa Polybus. Akaenda Delphi kuuliza. Hakujibiwa swali lake. Aliambiwa tu kwamba atamuua baba yake na kumwoa mama yake. Naye akafanya nini? Akaikimbia Corinth, kana kwamba swali la nani aliyemzaa lilikuwa limejibiwa! Aliyetoka nyumbani kwa sababu ya shaka aliitupa shaka hiyo njiani. Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani: alipodhani anaukimbia msiba ndipo alipokuwa akiurudia nyumbani kwao. Kwenye njia panda akagombana na mzee mmoja aliyekuwa akisafiri garini, akamuua pamoja na watumishi wake. Hakuuliza alikuwa nani.

Thebes nayo haikuuliza. Mfalme wao aliuawa safarini, nao wakaacha kuchunguza kwa kisingizio cha Sphinx aliyekuwa akiwasumbua wakati huo. Mgeni alipowaondolea balaa hilo, wakampa kiti cha enzi na mjane aliyekuwa nacho, pasipo kuulizana ametoka wapi. Yule mtumishi aliyenusurika kule njia panda, alipomwona mgeni amekalia kiti cha marehemu, alimwangukia malkia akaomba apelekwe malishoni, mbali na macho ya mji. Hakuna aliyemhoji kwa nini. Kila mtu alikuwa na faida yake katika kunyamaza: mji ulipata mwokozi, malkia alipata mume, mgeni alipata kwao, na mtumishi alipata usalama. Hivyo ndivyo sura ya nje inavyojengwa. Haihitaji mwongo hata mmoja. Inahitaji watu wengi wanaoridhika kutouliza.

Hapa ndipo anapoingia Teiresias, mbashiri kipofu. Hataki kusema, anasema kwa kukasirishwa. Anapomwambia mfalme kwamba muuaji unayemtafuta ni wewe, mfalme anamkejeli upofu wake na kumshutumu kwamba amepangwa na Creon ili wamnyang'anye ufalme. Nyani haoni kundule. Mwenye macho mawili mazima haoni anaishi wapi wala na nani, ilhali asiyeona amekwisha kuyaona yote. Na tukumbuke kwamba hasira ya Oedipus haitokani na ujinga. Yeye ni mtu mwerevu, aliyetegua kitendawili kilichowashinda wote, na ni werevu huo unaompofusha. Aliyezoea kuwa na jibu la kila jambo hufika mahali asiamini kwamba lipo jambo linalomhusu yeye ambalo halijui.

Hata faraja katika tamthilia hii huwa ni mtego. Jocasta, akitaka kumtuliza mumewe asiogope utabiri, anamweleza kwamba Laius alitabiriwa kuuawa na mwanawe, lakini aliuawa na wageni mahali njia tatu zinapokutana. Maneno yaliyokusudiwa kumtuliza ndiyo yanayomtikisa. Mjumbe wa Corinth, akitaka kumwondolea mfalme hofu ya kumwoa mama yake, anamfichulia kwamba Polybus na mkewe hawakumzaa. Wote wawili wanatenda wema, na kwa wema wao wanabomoa nyumba.

Lakini tusimwache Oedipus tukidhani kwamba ametuachia aibu tu. Jocasta anaung'amua ukweli kabla yake, na anamsihi kwa jina la miungu asiendelee kuuliza. Mlango wa kutorokea ulikuwa wazi. Badala yake mfalme anaagiza mchungaji yule mzee aletwe, na anapositasita, anaamuru akamatwe na mikono yake ikunjwe nyuma. Tumezoea wakuu wanaowatisha mashahidi ili wanyamaze. Huyu anamtisha shahidi ili aseme, na ayasemayo yanamwangamiza yeye mwenyewe. Tumezoea pia kusikia habari za uchunguzi unaokwenda kwa kishindo hadi unapofika kwenye mlango wa mkubwa fulani, kisha faili zikapotea na kumbukumbu za watu zikafifia. Uchunguzi wa Oedipus ulipofika mlangoni pake, aliufungua mlango. Alipojitoboa macho kwa vikwezo vya dhahabu vya nguo ya Jocasta aliyejinyonga, hakuna aliyemhukumu. Hukumu ilikuwa ile aliyoitamka mwenyewe asubuhi, na akadai itekelezwe, afukuzwe nchini.

Kwa hiyo mwalimu anayeifundisha tanzia hii na alibadili swali. Badala ya kuwauliza wanafunzi ni nani aliyevaa sura ya uongo, awaulize: ni swali gani ambalo kila mhusika aliliepuka, na alipata faida gani kwa kuliepuka? Mwanafunzi atakayelijibu vyema atakuwa amejifunza zaidi ya yanayotahiniwa. Atajua kwamba kumfichua mnafiki ni kazi rahisi, kwani mnafiki ni mtu mwingine. Kazi ngumu ni kuuliza kuhusu starehe yetu wenyewe: kiti tulichokalia kilikuwa cha nani, sifa tunazopewa zimetokana na nini, na ni nani aliyeomba apelekwe malishoni siku tulipotawazwa.

Korasi ya wazee wa Thebes inaifunga tamthilia kwa kuonya kwamba asihesabiwe mtu kuwa na heri kabla hajaufikia mwisho wa maisha yake salama. Wahenga wetu, ambao hawakupata kukaa katika ukumbi wa Athens, walilisema jambo hilo kwa maneno mawili tu: hujafa hujaumbika. Wasomaji watakaoifungua tena Mfalme Edipode wayakumbuke maneno hayo tangu ukurasa wa kwanza, mfalme anapotoka mlangoni kwa fahari, mzima wa macho, kuwauliza watu wake wamepatwa na nini.