Sura Ndogo Inayopepesa Macho

Tuseme umemwandikia mwanao aliye mjini kwa simu, ukimwuliza kama atakuja nyumbani kwa Pasaka. Anajibu neno moja tu: "Nitaona." Je, amekasirika? Au yuko kazini na hana nafasi? Au anakutania, na nauli amekwisha kuiweka? Angalikuwa amesimama mbele yako ungalijua mara moja, maana ungalimtazama usoni.

Wazee walisema kwamba uso umeumbwa na haya. Watu wakionana ana kwa ana, haya huuzuia ulimi. Lakini neno lililoandikwa halina uso. Barua zetu za zamani zilianza kwa salamu nyingi, na salamu hizo zililainisha moyo kabla ya habari yenyewe. Ujumbe wa simu hauna hata hizo. Ndiyo maana ndugu hugombana kwa maneno machache ambayo, kama yangalisemwa barazani, yangaliwachekesha.

Shida hiyo si ngeni. Katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, mjini Pittsburgh, Marekani, walimu na wanafunzi walikuwa wakiandikiana kwa kompyuta. Mwaka 1982 mtu mmoja alifanya mzaha kwamba lifti ya chuo imechafuliwa na zebaki. Zebaki ni sumu, na baadhi ya wasomaji wakadhani ni onyo la kweli. Basi tarehe 19 Septemba 1982 mwalimu mmoja, Scott Fahlman, akashauri kwamba anayeandika mzaha atie alama tatu, nazo ni nuktambili, kistari na mabano ya kufunga: :-)

Inamisha kichwa upande wa kushoto uitazame. Macho mawili, pua, na mdomo unaocheka! Kwa neno lisilo la mzaha akashauri mdomo ugeuzwe: :-(

Baadaye sura hizo zikawa picha. Mwaka 1999 Mjapani Shigetaka Kurita alichora picha 176 kwa ajili ya simu za kampuni ya NTT DoCoMo. Kila moja ilikuwa na vitone 12 kwa upana na 12 kwa urefu, yaani vitone 144 tu. Leo picha za namna hiyo tunaziita emoji, na hata bibi kizee kijijini anazijua.

Basi wako watu, wakubwa kwa wadogo, ambao saa za mapumziko hujifurahisha kwa kutengeneza sura hizo wao wenyewe, tena si sura zilizotulia, bali zinazopepesa macho, zinazocheka na kulia. Huenda mwanao ni mmoja wao. Kabla hujamkemea kwamba anapoteza wakati, hebu ijue kazi yenyewe.

Siri yake ni ile ile ya sinema. Sinema ni picha nyingi zilizotulia, 24 kwa kila sekunde, zikifuatana upesi hata jicho likaona mwendo. Waweza kujaribu bila kompyuta. Twaa daftari na kalamu ya risasi. Pembeni mwa kurasa kumi zinazofuatana chora uso ule ule, mahali pale pale. Katika kila ukurasa mdomo uzidi kucheka kidogo. Kisha zipitishe kurasa upesi kwa kidole gumba. Uso utacheka.

Mwenye kompyuta aweza kutumia GIMP, programu ya kuchorea ambayo haiuzwi, hutolewa bure. Achore sura kwenye kiwanja kidogo, tuseme vitone 16 kwa 16. Kila picha huwekwa katika tabaka lake, na tabaka la chini kabisa huonekana kwanza. Kwa kupepesa macho zatosha picha nne: macho wazi, nusu, yamefumbwa, nusu tena. Mwishoni kazi huhifadhiwa kwa aina ya faili iitwayo GIF, iliyotolewa na kampuni ya CompuServe mwaka 1987. Toleo lake la mwaka 1989 ndilo lililowezesha kila picha kupewa muda wake. GIF haipokei rangi zaidi ya 256 katika picha moja, lakini uso mdogo watosheka na rangi tano.

Hapo kwenye muda ndipo penye ufundi. Anayeanza huzipa picha zote nne muda sawa, na sura yake huonekana kama mtu aliyeingiwa na vumbi machoni. Macho wazi yapewe sekunde 2. Yaliyofumbwa, sehemu moja ya kumi ya sekunde. Yaliyofumbwa nusu, nusu ya hiyo. Ndipo sura inapopata uhai.

Lakini mtoto atajuaje hayo? Hana budi kuwatazama watu. Amtazame bibi yake anapocheka: kicheko chaanzia wapi, mdomoni au machoni? Amtazame mdogo wake anayetaka kulia: mdomo watetemeka kwanza, au machozi hutangulia? Hilo ndilo jema kubwa la mchezo huu, wazazi wapendwa. Simu hutuzoeza kuinamisha vichwa, tusionane. Mchezo huu wamtaka mtoto ainue kichwa na kuwatazama wenzake usoni kwa makini. Na anayejua kuusoma uso wa mwenzake hukawia kumkosea.

Hata hivyo yafaa kuonya. Kwanza, mchezo uwe na saa yake. Maji yachotwe kwanza, na masomo yasirudi nyuma. Pili, mtoto asichore sura ya kumdhihaki kilema, mzee au jirani. Picha ikishatumwa haiitiki tena inapoitwa, na yule aliyechekwa ana uso wake wa kweli, wenye machozi ya kweli. Tatu, na hili latuhusu sisi wakubwa, sura ndogo isichukue nafasi ya miguu. Jirani akifiwa, uso wa manjano unaodondosha machozi si pole ya kutosha kwa mtu aliye karibu. Nenda ukakae naye.

Basi jioni ya leo, mwanao akiwa na daftari lake, keti karibu naye umwulize: "Huyu unayemchora, kwa nini anacheka?" Na yule mwingine aliyekujibu "Nitaona", usimnunie wiki nzima. Mpigie umsikie sauti. Huenda nauli amekwisha kuiweka.