Kasese: Mjane asiye na uhakika wa shamba hapandi kahawa

Na Mwandishi wa Masuala ya Kanda

KATIKA miteremko ya Rwenzori, kuanzia Kyondo na Kyarumba hadi mabonde yanayoshuka kuelekea Bwera, kahawa ndiyo benki ya familia. Ada ya shule, dawa, mabati ya nyumba na hata mahari ya kijana husubiri msimu wa kahawa. Lakini mche wa arabika huchukua takriban miaka mitatu kabla ya kuanza kuzaa vizuri. Hakuna anayeupanda mahali ambapo hana hakika kama mwakani atakuwapo.

Kwa hiyo anayetaka kujua hali ya mjane katika vilima hivi vya magharibi mwa Uganda aanze kwa kuuliza amepanda nini. Maharage hukomaa ndani ya msimu mmoja. Mjane anayehofia shemeji zake huweza kuyavuna na kuondoka nayo. Kahawa haiondoki na mtu. Hubaki kwenye ardhi, na ardhi hubaki na yule ambaye ukoo na wazee wa kijiji wamemtambua.

Hilo ni jambo la kukumbuka wakati huu ambapo misaada kwa wajane inazungumzwa sana wilayani Kasese, kama ilivyo kote Afrika Mashariki. Mashirika na makanisa hufundisha ushonaji, utengenezaji wa sabuni, uokaji na ufugaji wa nguruwe na kuku. Vikundi vya kuweka na kukopa vimeenea hadi vijiji vya juu kabisa mlimani. Yote hayo ni mema. Ila ufundi, akiba na utetezi wa haki ni mafiga matatu: likiondolewa moja, chungu humwagika.

Wilaya yenye sababu nyingi za ujane

Kasese haijapata mapumziko marefu. Novemba 1996 waasi wa ADF walivamia Mpondwe, mji wa mpakani ulio jirani na Bwera, na miaka iliyofuata watu wengi wa milimani walikimbia mashamba yao. Mei 2013, na tena Mei 2020, Mto Nyamwamba ulifurika na kubomoa nyumba, madaraja na majengo ya hospitali ya Kilembe. Novemba 2016 vikosi vya serikali vilishambulia ikulu ya mfalme wa Rwenzururu mjini Kasese. Shirika la Human Rights Watch lilisema watu zaidi ya 150 waliuawa katika siku mbili za machafuko hayo. Ongeza malaria, ukimwi na ajali za bodaboda, ambazo hazitangazwi redioni lakini huacha wajane kila mwezi.

Mwanamume anapofariki, matanga huwa na watu wengi na chakula kingi. Wakisha kutawanyika, maswali huanza. Nani atavuna kahawa iliyo mtini? Nani atakaa na watoto? Hati ya mauziano ya shamba iko wapi, na imeandikwa jina la nani? Katika mfumo wa ukoo wa upande wa baba, ardhi huhesabiwa kuwa mali ya ukoo, na mke huonekana kama mgeni aliyeletwa na ndoa. Shemeji asiye na huruma hahitaji bunduki. Hupanda mpaka mpya wa isale na kusubiri kuona kama mjane ana wa kumsemea.

Sheria imebadilika, habari haijafika

Kwa miaka mingi Sheria ya Mirathi ya Uganda, ambayo asili yake ni mwaka 1906, ilimpa mjane asilimia 15 ya mali ya mume aliyefariki bila kuacha wosia. Watoto walipewa asilimia 75, ndugu tegemezi asilimia 9 na mrithi wa kimila asilimia 1. Mwaka 2007, Mahakama ya Katiba ilibatilisha vifungu kadhaa vya sheria hiyo kwa sababu vilimbagua mwanamke. Bunge lilichukua miaka 15 kuziba pengo hilo.

Marekebisho ya mwaka 2022 yalipandisha fungu la mwenzi aliyebaki, awe mke au mume, hadi asilimia 20. Watoto wamebaki na asilimia 75, ndugu tegemezi wana asilimia 4 na mrithi wa kimila asilimia 1. Zaidi ya hayo, nyumba waliyokuwa wakiishi haiingizwi kwenye mgawo huo. Mjane na watoto wana haki ya kuendelea kuikalia, na anayewafukuza au kujaribu kuwafukuza anatenda kosa la jinai linaloweza kumpeleka gerezani hadi miaka saba.

Ni ngao nzuri, lakini ina tundu moja kubwa. Sheria inamlinda mke wa ndoa halali. Ndoa ya kimila inatambuliwa, na tangu 1973 sheria inataka iandikishwe ndani ya miezi sita. Wangapi hufanya hivyo? Familia nyingi hupeleka mbuzi, hula, hucheza na kumaliza hapo. Wengine huishi pamoja miaka 20 na kupata watoto saba bila hata mbuzi mmoja kupelekwa. Mume akifa, ndugu zake husema huyu hakuwa mke, alikuwa akikaa tu. Watoto wana fungu lao, lakini mama yao hukuta mlango umefungwa.

Wenye wake wawili au watatu nao wanapaswa kujua kwamba ile asilimia 20 ni ya wajane wote kwa pamoja, wala si ya kila mmoja.

Sanduku lenye kufuli tatu

Sheria iliyo Kampala haishuki mlimani yenyewe. Mtu wa Kyondo anayetaka kusimamia mirathi huanza kwa mwenyekiti wa kijiji, yaani LC1, kupata barua ya utambulisho. Kisha huhitaji cheti cha kifo, barua ya kutopingwa kutoka ofisi ya Kabidhi Wasii Mkuu wa serikali, na hatimaye amri ya mahakama. Kila hatua ina nauli, karatasi na siku ya kazi iliyopotea. Hapa ndipo kikundi cha akiba kinapogeuka kuwa zaidi ya mahali pa kuweka fedha.

Utaratibu wenyewe unajulikana kote Afrika Mashariki. Tanzania huita vikoba, Kenya chama, Rwanda ikimina na Congo likelemba. Mfumo wa hisa unaotumika zaidi vijijini ulibuniwa na shirika la CARE nchini Niger mwaka 1991. Watu 15 hadi 30 wanaofahamiana hukutana kila wiki na kila mmoja hununua hisa moja hadi tano. Fedha hukaa katika sanduku lenye kufuli tatu, na funguo huwa kwa watu watatu tofauti. Mkopo hutolewa mbele ya wote, na mwaka ukiisha kila mtu hugawiwa akiba yake na faida.

Tuchukue mfano wa kikundi cha wajane 25, hisa moja ikiwa shilingi 2,000 za Uganda. Kila mmoja akinunua hisa mbili kwa wiki, sanduku hupata shilingi 100,000 kila wiki, na kwa wiki 52 ni shilingi milioni 5.2 kabla ya riba. Haba na haba hujaza kibaba.

Kwa mkulima wa kahawa, faida ya kwanza ya sanduku hilo ni kuachana na kuuza maua. Huo ni mtindo wa kumwuzia mfanyabiashara kahawa ikiwa bado inachanua, kwa bei ya chini, kwa sababu mtoto amerudishwa nyumbani kwa kukosa ada. Mwenye mkopo wa kikundi hulipa ada, husubiri matunda yawe mekundu, huyaosha na kuyakausha vizuri, kisha huuza kwa bei ya msimu.

Faida ya pili haiandikwi kwenye daftari. Wanawake 25 wanaokutana kila Alhamisi wanajua nani ameolewa na nani, shamba linaishia wapi na mgomba upi ulipandwa na nani. Siku mjane anapoitwa mbele ya baraza la kijiji, hao ndio mashahidi wake. Mfuko wa jamii wa kikundi hulipa nauli ya kwenda mahakamani. Shemeji anayejua kwamba atakutana na wanawake 25 hufikiri mara mbili.

Somo la Kyarumba

Kasese yenyewe ina mfano ambao mataifa mengine yameusomea. Chama cha Bukonzo Joint cha Kyarumba kilianza mwaka 1999 kama mtandao wa vikundi vya akiba na mikopo, kisha kikaingia katika kununua, kuosha na kuuza kahawa. Kikishirikiana na Oxfam Novib, kilitumia mbinu ya michoro ambayo haihitaji mtu ajue kusoma. Mume na mke huchora mti. Mizizi ni kazi anayofanya kila mmoja, matawi ni matumizi ya kila mmoja, na kando ya shina huchorwa mali na mwenye mali.

Mchoro hauna matusi wala hotuba. Mwanamume huona mwenyewe kwamba mizizi mingi iko upande wa mke na mali yote iko upande wake. Baadhi ya familia zilifikia kuandika ardhi kwa majina ya wote wawili. Mbinu hiyo ilitoka Kasese na kupelekwa Rwanda, Nigeria na kwingineko.

Somo lake kwa wajane liko wazi: haki ya mjane hujengwa mume akiwa hai. Makubaliano ya ardhi yenye saini mbili yana nguvu kuliko machozi ya matangani.

Majirani nao

Tatizo hili halina mpaka. Watu wa Bwera wanavuka Mto Lubiriha kwenda Kasindi kila siku, na Wakonzo wa Uganda na Wanande wa Congo ni ndugu. Rwanda ilibadilisha sheria yake ya urithi mwaka 1999, baada ya mauaji ya kimbari kuacha wajane wengi, na tayari mwaka 1995 wajane 50 walikuwa wameanzisha chama chao cha AVEGA Agahozo. Kenya, kwa sheria ya mwaka 2015 ya kuzuia ukatili wa majumbani, inahesabu kulazimishwa kurithiwa na kutakaswa kwa mjane kuwa ukatili. Tanzania bado ina kanuni za kimila za mwaka 1963 zinazomnyima mjane fungu pale ambapo marehemu ameacha ndugu wa ukoo, na mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa ya haki za wanawake iliiambia iziondoe.

Jumuiya inayozungumzia soko moja inapaswa kuzungumzia pia mjane anayelima bidhaa za soko hilo.

Kwa walio Kyondo leo, kazi iko karibu. Andikisheni ndoa ya kimila kwenye ofisi ya kata-ndogo. Wekeni majina mawili kwenye mkataba wa ardhi, au kwenye hati ya umiliki wa kimila pale inapotolewa. Kila kikundi cha akiba kitenge mkutano mmoja kwa mwaka wa kusoma Sheria ya Mirathi kwa Kikonzo. Anayetoa cherehani kwa mjane amwulize pia nyumba atakayoiweka ni ya nani. Jibu likiwa ni lake, msimu ujao ataweza kuchimba mashimo ya kahawa.