Kijiko cha Maji Ndani ya Taa

"Hiyo ni kawaida, bosi. Ukiwasha taa itakauka yenyewe." Aliyewahi kurudisha gari jipya kwa wakala kwa sababu taa imeingia maji anaijua kauli hii. Ubaya wake ni kwamba mara nyingine ni kweli tupu. Mara nyingine ni namna ya kumzungusha mteja mpaka waranti iishe. Zote mbili husemwa kwa sauti ileile na uso uleule, kwa hiyo mwenye gari hana budi kujua mwenyewe taa yake iko upande gani.

Jambo la kwanza huwashangaza wengi: taa ya gari la leo haijazibwa kabisa, na walioitengeneza hawakukusudia iwe hivyo. Zamani ilizibwa. Kuanzia magari ya mwaka 1940, Marekani ilitumia taa ya mbele iliyokuwa kitu kimoja, kioo na kiakisi na nyuzi za umeme vimefungwa pamoja moja kwa moja, hewa haiingii wala haitoki. Ikiungua, unaitupa yote na kufunga nyingine. Mwaka 1983, baada ya maombi ya Ford, serikali ya nchi hiyo iliruhusu taa ambazo balbu yake hubadilishwa, na Lincoln Mark VII ya 1984 ikawa gari la kwanza la huko kuzitumia chini ya ruhusa hiyo. Huko Ulaya balbu za kubadilisha zilikuwapo tangu zamani. Kioo kizito nacho kikaipisha polikaboneti, plastiki ngumu inayofinyangwa kwa umbo lolote. Wabunifu walifurahi. Lakini gari likajikuta limebeba kwenye kila kona sanduku la plastiki lenye hewa ndani, tundu la balbu, tundu la waya na kizibo nyuma.

Hewa hiyo ndiyo mwanzo wa mambo yote. Chukua taa yenye lita 5 za hewa kwa nyuzi joto 25. Iwashe mpaka hewa ya ndani ifike nyuzi 85. Hewa inatanuka kwa moja ya tano. Isipopata njia ya kutoka inasukuma maungio ya taa kutoka ndani, ikipata, zaidi ya robo tatu ya lita, ikipimwa ikiwa imepoa, hutoka nje. Sasa zima taa, au pita kwenye dimbwi la mvua wakati taa ingali ya moto. Hewa iliyobaki inasinyaa kwa ghafla na kuvuta. Kama hakuna pa kuvutia hewa, mvuto huo ungeweza kuyapandisha maji kwenye mrija kwa zaidi ya mita moja na nusu. Si rahisi gundi au mpira wa kuzibia kuvumilia mvuto wa namna hiyo kila siku kwa miaka.

Ndiyo maana kila taa huwekewa matundu ya kupumulia, mara nyingi zaidi ya moja ili hewa izunguke. Mengine ni mrija wa mpira uliopindwa ili maji yasipande. Mengine hufunikwa na utando wa PTFE, uleule wa familia ya Teflon, uliovutwa mpaka ukawa na vitundu vidogo mno: mvuke na hewa hupita, tone la maji halipiti. Robert Gore aligundua namna ya kuuvuta mwaka 1969 alipoikamata fimbo ya plastiki hiyo iliyopashwa moto na kuivuta ghafla badala ya polepole. Wengi wanaijua kazi yake kwenye makoti ya mvua. Wachache wanajua kwamba huenda iko nyuma ya bampa lao.

Taa inayopumua huvuta na unyevu wa mahali ilipo. Usiku wa masika Dar es Salaam au Mombasa hewa imeshiba mvuke, kisha mvua inapoza kioo cha taa kutoka nje, na mvuke unageuka matone upande wa ndani kama jasho kwenye chupa ya soda iliyotoka kwenye friji. Huo ndio ukungu. Taa za LED zimeuongeza, kwa sababu ya kufurahisha kidogo: balbu ya halojeni hupoteza sehemu kubwa ya umeme wake kama joto linalotupwa mbele na kukausha kioo, ilhali LED hupeleka joto lake nyuma kwenye mabati ya kupozea. Kioo kinabaki baridi. Mtu aliyetoka kwenye gari la halojeni na kununua la LED anaweza kuona ukungu ambao hakuuzoea, na taa ikawa nzima.

Basi mpokeaji wa gereji anayesema "hiyo ni kawaida" ana haki hapo. Haki hiyo ina mpaka, na mpaka wenyewe hupimika kwa kijiko.

Kwa nyuzi joto 30, hewa iliyoshiba kabisa hubeba karibu gramu 30 za maji kwa kila mita moja ya ujazo. Lita 5 basi hubeba gramu 0.15, yaani matone kama matatu. Hayo ndiyo yote ambayo hewa ya ndani inaweza kuyaacha kwenye kioo hata ingekauka kabisa. Polikaboneti yenyewe hunywa unyevu, lakini kidogo: katika hewa ya kawaida ni gramu moja au mbili kwa kila kilo ya plastiki, na kioo cha taa hakifiki uzito wa kutisha. Ganda la nyuma kwa kawaida ni polipropilini, ambayo hainywi karibu chochote. Sasa ukiona maji yametulia chini ya taa, yanacheza unapokata kona, ujazo wa kijiko kimoja cha chai, hayo ni gramu 5. Ili pumzi za kawaida ziyalete, taa ingehitaji kuvuta hewa iliyoshiba mara 200 hivi, bila kutoa hata chembe ya unyevu huo inapopumua nje. Haiwezekani. Maji yale yameingia kama maji.

Watengenezaji wenyewe wanakubali tofauti hii. Maelekezo yao kwa mawakala, ukiyasoma kwa makampuni mbalimbali, yanafanana: ukungu mwembamba unaokauka taa ikiwashwa au gari likitembea si kasoro; matone makubwa, michirizi na maji yaliyotuama ni kasoro, na taa hubadilishwa. Kiwango cha usalama cha Marekani namba 108 nacho huiweka taa kwenye chumba chenye nyuzi joto kama 38 na unyevu wa asilimia 90 na zaidi, huiwasha na kuizima mara nyingi, kisha huipiga upepo kabla ya kuikagua. Baada ya hapo jicho tupu halitakiwi kuona unyevu wowote ndani. Ukungu unaruhusiwa kupita. Kubaki hauruhusiwi.

Kesi ngumu si ile ya taa iliyoingia maji mara moja. Ni ile ya taa iliyobadilishwa bure, ikakaa vizuri kiangazi kizima, na mvua za kwanza zikarudisha dimbwi palepale. Hapo gereji huanza kumtazama mteja kwa jicho la pili: labda anaosha gari kwa mashine ya presha akiielekeza kwenye maungio, labda fundi wa mtaani alibadili balbu na kizibo cha nyuma hakikukaa. Yote mawili hutokea, na yote mawili huweza kuiondoa taa kwenye dhamana. Lakini taa mpya inayorudia ugonjwa wa ile ya kwanza inaweza kuwa inasema kwamba ugonjwa haukuwa kwenye taa. Waya unaoingia nyuma una nyuzi nyingi za shaba, na kati ya nyuzi hizo maji hunyonywa polepole kutoka kwenye kiungo kilicholowa mbali na taa, yakachungulia ndani ya ganda. Fremu iliyopinda kwa kugongwa kidogo huivuta taa na kuifungua mshono. Taa ya nyuma ina mpira kati yake na bodi. Mpira huo ukipinda, maji hupita pembeni na kuishia chini ya tairi la akiba, na mwenye gari hulaumu buti. Au kundi zima la taa lilipakwa gundi vibaya kiwandani, na ile mpya iliyofungwa badala yake imetoka kwenye kundi hilohilo.

Kwa hiyo ombi la maana kwa wakala si "nibadilishieni taa" kwa mara ya tatu. Ni kuomba sababu iandikwe kwenye kadi ya kazi. Piga picha na video zinazoonyesha maji yakitikisika, asubuhi na tena baada ya taa kuwaka nusu saa, zikiwa na tarehe. Acha gari likiwa na maji yake. Anayelikausha kwa feni kabla ya kulipeleka amefuta ushahidi. Kingine ni saa ya waranti. Magari mapya mengi huja na miaka 3 au kilomita 100,000, kinachotangulia, na taa iliyobadilishwa ndani ya waranti kwa kawaida hulindwa kwa muda uliobaki tu, haianzi upya. Taa ya mwezi wa 35 inaweza kuwa na mwezi mmoja wa maisha kisheria. Lalamiko lililoandikwa na kupokelewa kabla ya siku hiyo lina uzito ambao simu haina.

Sheria za baadhi ya nchi zimeuona mchezo wa kurudiarudia. Afrika Kusini, chini ya sheria ya kulinda walaji ya 2008, kasoro iliyotengenezwa ikirudi ndani ya miezi 3 humlazimu muuzaji abadilishe bidhaa au arudishe fedha. Uingereza, tangu 2015, matengenezo yakishindwa mara moja humpa mnunuzi njia ya kudai apunguziwe bei au kulikataa gari, ingawa kwa maji kwenye taa moja nadhani punguzo ndilo lililo karibu zaidi. Kenya, sheria ya walaji ya 2012 inamhesabu muuzaji kuwa amedhamini ubora wa kuridhisha, hata kama kijitabu cha waranti kiko kimya kuhusu taa.

Walio wengi kwetu hawako kwenye habari hiyo. Gari lao limetoka Japani likiwa limetumika miaka kadhaa, na waranti ya kiwandani haikupanda meli. Wao hukutana na fundi, naye huipasha taa moto mpaka gundi ilainike, huifungua, huikausha na kuifunga upya. Kazi hiyo ikifanywa vizuri hudumu. Mwombe tu asizibe tundu la kupumulia kwa kudhani ndilo linalovujisha, na anuse silikoni kabla ya kuipaka: ile inayonuka siki hutoa mvuke wa asidi inapokauka, na mvuke huo ukifungiwa ndani huweza kuula utando wa alumini wa kiakisi.