Kitasa cha Boksi la Pikipiki

Juma lililopita nilikuwa ndani ya daladala katika Barabara ya Morogoro, kati ya Kimara na Ubungo, boksi lilipochomoka nyuma ya pikipiki iliyokuwa mbele yetu. Lilidunda mara mbili, mfuniko ukafunguka, dawa zilizokuwa zikipelekwa kwa mteja zikatawanyika barabarani. Dereva wetu alikanyaga breki, na sisi tuliosimama tukaangukiana. Kwa bahati hakuna aliyeumia. Kijana mwenye pikipiki alirudi mbio, na neno lake la kwanza lilikuwa: "Kitasa kilikufa siku nyingi, nilifunga kwa mpira tu."

Je, ni kweli kilikufa? Hebu tukitazame.

Boksi la kiwandani hufungwa mahali pawili: mfuniko usifunguke, na boksi lenyewe lisichomoke kwenye keria. Mara nyingi kitasa kimoja ndicho kinachotawala yote mawili. Kwa hiyo kikiharibika, wa kuogopwa si mwizi peke yake. Hata anayekufuata nyuma yumo hatarini.

Ndani ya kitasa hicho kuna vibati vyembamba vya shaba, kila kimoja na springi yake ndogo. Meno ya ufunguo huvipanga sawasawa, ndipo silinda inapozunguka na kugeuza ulimi wa chuma ulio nyuma. Kibati kimoja tu kikikwama kwa vumbi, tope au kutu, ufunguo hukataa kuzunguka. Hapo wengi wetu hukimbilia plaizi, na ufunguo hukatikia ndani.

Anza kwa kusafisha. Nyunyizia dawa ya kulegeza kutu, kisha ingiza na kutoa ufunguo mara nyingi bila kuuzungusha, ukiufuta kila mara. Kitasa kikishakauka, tia unga wa risasi ya penseli. Usitie oili ya injini wala grisi. Hulainisha leo, kesho hushika vumbi na kugeuka uji mzito. Jaribu pia ufunguo wa akiba, maana ule wa kila siku huenda umelika meno. Vitasa vingi vinavyoitwa vibovu hupona hapo.

Ufunguo ukikatikia ndani, usiusukume kwa mwingine. Tafuta kipande chembamba cha msumeno, kiingize pembeni ya ufunguo huku meno yake yakielekea nje, uuvute taratibu.

Ikibidi kubadilisha, fungua mfuniko na utazame kwa ndani. Utaona skrubu au kibanio kinachoshika silinda. Kitoe kitasa cha zamani uende nacho dukani. Linganisha unene, urefu, umbo la ulimi, na kama unazunguka robo au nusu. Ukinunua kinachofanana kwa uso tu, utaishia kutoboa boksi. Tazama pia namba ndogo iliyogongwa kwenye ufunguo au usoni mwa kitasa. Mara nyingi ni namba ya mpangilio wa meno, na fundi mwenye vifaa anaweza kuitumia kuchonga ufunguo mwingine. Iandike katika daftari nyumbani. Na mwenye maboksi matatu, moja nyuma na mawili ubavuni, anaweza kumwomba fundi apange vibati upya ili yote yatumie ufunguo mmoja.

Baada ya yote hayo, shika boksi kwa mikono miwili, ulivute juu na nyuma. Likicheza, usiondoke. Kama ndoano ya keria imevunjika, kitasa kipya hakitasaidia kitu. Soma vilevile uzito ulioandikwa kwenye boksi. Mengi ya plastiki hayaruhusiwi kubeba zaidi ya kilo 10.

Pale barabarani tulimsaidia yule kijana kuokota mzigo. Chupa mbili za dawa ya mtoto zilikuwa zimepasuka, naye alijua atazilipa yeye. Lakini mtoto aliyekuwa akizisubiri hakujua habari za mpira wala kitasa. Waliomwagizia dawa waliukabidhi mzigo wakiamini umefungwa.

Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Kabla hujawasha pikipiki kesho asubuhi, zungusha ufunguo ule. Kwaheri, hadi juma lijalo.