Pillow: Namna maktaba ya picha iliyoachwa ilivyookolewa

Watu wanaoandika programu kwa lugha ya Python, wakitaka kupunguza picha au kuikata, wengi wanatumia Pillow. Wachache wanajua kama Pillow ni kazi ya zamani iliyokuwa imesimama, kisha wengine wakaiokota.

Kazi hiyo ya kwanza inaitwa PIL. Ilianzishwa katika miaka ya 1990 na Fredrik Lundh, raia wa Sweden. Ni maktaba ya programu, maana yake sehemu iliyokwisha kuandikwa, ambayo mwingine anaiita ndani ya programu yake ili asianze kila kitu upya. Lundh aliitoa pamoja na ruhusa: kila mtu anaweza kuisoma, kuibadilisha na kuigawa bila kulipa.

Toleo la mwisho la PIL, 1.1.7, lilitoka mwaka 2009. Lakini tangu Desemba 2008 kulikuwa na Python 3, na PIL haikuweza kufanya kazi nayo.

Ni nini kilichobadilika? Tuchukue picha yenye upana wa pikseli 801. Ukitafuta katikati yake kwa kugawanya kwa 2, Python 2 ilijibu 400. Python 3 inajibu 400.5, na hakuna nusu ya pikseli. Mstari ule ule, bila mtu kuugusa, unaleta makosa. Dawa yake ni ndogo: kuandika alama ya kugawanya mara mbili. Ila lazima mtu apitie mistari yote ili aone ni wapi inahitajika. Tena sehemu ya PIL inayofanya kazi nzito iliandikwa kwa lugha ya C, nayo ilipaswa kurekebishwa ili isikilizane na Python mpya.

Mwaka 2010, Jeffrey Clark alichukua nakala ya PIL akaanzisha Pillow. Kwanza alitaka tu iwe rahisi kuiweka ndani ya ordinateri. Machi 2013, kwa msaada wa kazi ya wengine, toleo 2.0.0 likakubali Python 3 bila kuacha Python 2. Ndani ya programu jina likabaki PIL, hivyo programu nyingi za zamani ziliendelea na marekebisho machache tu.

Kazi haikuishia hapo. Python inatoa toleo jipya kila mwaka, mwezi wa Oktoba. Pillow inatoa lake kila miezi mitatu. Septemba 2023, kosa kubwa la usalama lilionekana ndani ya libwebp, inayosoma picha za WebP. Pillow ilitoa haraka toleo 10.0.1. Kama isingekuwa na walinzi, nani angeleta dawa hiyo?

Mtumiaji pia ana sehemu yake. Julai 2023, toleo 10.0.0 liliondoa jina ANTIALIAS, na programu zilizolitumia zikakwama mpaka wenyewe waandike LANCZOS. Basi kabla ya kujenga kazi yako juu ya maktaba fulani, angalia tarehe ya toleo lake la mwisho, na kama kuna mtu anayejibu makosa yanapoletwa.

Lundh alifariki mwaka 2021. Jina lake bado limeandikwa ndani ya leseni ya Pillow.