Kompyuta yageuza tabia ya injini ya pikipiki

KWA miaka mingi petroli ya pikipiki za mashindano ya matopeni ilipimwa na kabureta. Suzuki RM-Z450, toleo la 2008, iliikabidhi kompyuta kazi hiyo. Ndani yake mna jedwali linaloamua kiasi cha petroli na wakati wa plagi kutoa cheche. Cheche ikicheleweshwa kidogo, nguvu huja kwa upole na gurudumu la nyuma haliserereki ovyo. Ikiwahishwa, injini huchangamka. Nguvu zenyewe haziongezeki sana, ijapokuwa wengi hudhani hivyo. Tangu toleo la 2018, mwenye Yamaha YZ450F hubadilisha jedwali hilo kwa simu. Lakini petroli ikipunguzwa mno, joto hupanda na pistoni yaweza kutoboka.