Pua ya Nondo na Mahindi Yetu

Ukitoka Kericho kuelekea Bomet utaona chai pande zote mbili za barabara hadi udhani watu wa huku hula chai. La hasha! Nyuma ya chai, karibu na nyumba, kuna kishamba cha mahindi, na ugali wetu hutoka humo. Mahindi yakiharibika, pesa za majani chai huishia dukani kununua unga. Kwetu nyumbani msimu uliopita tulivuna nusu tu ya tulichozoea. Ukilipasua bua, unamkuta kiwavi ndani ametulia kama mwenye nyumba.

Huyo ni mtoto wa nondo aitwaye Busseola fusca, ambaye hupenda nyanda za juu zenye baridi kama kwetu. Ajabu ni kwamba nondo mwenyewe hali mahindi kamwe. Kazi ya jike ni kutafuta mahali pa kutaga, na huifanya usiku, kwa kunusa.

Ananusaje na hana pua? Pua yake ni vile vipapasio viwili vya kichwani. Vina vinyweleo vyenye vitundu vidogo sana, na ndani yake kuna neva zenye protini zinazoipokea harufu kama kufuli lipokeavyo ufunguo wake. Kila kufuli hutengenezwa kwa maagizo ya jeni yake. Jeni ikiharibika, harufu ile hupita tu bila kujulikana.

Anayejulikana zaidi ni nondo wa hariri. Mwaka 1959 Mjerumani Adolf Butenandt alitangaza kwamba ameipata harufu ambayo jike humwitia dume, baada ya kutumia nondo wapatao 500,000! (Sijui nani alikuwa akiwahesabu.) Mwaka 2004 wanasayansi wa Japani wakaeleza jeni ya kufuli la harufu hiyo, ambayo hufanya kazi katika vipapasio vya dume. Kiwavi naye anazo jeni zile zile, maana ni mdudu yule yule, lakini yeye husoma kurasa nyingine za kitabu hicho. Haitaji mchumba, anahitaji chakula, kwa hiyo baadhi ya kufuli zake ni za kunusa majani ya mforsadi.

Sasa turudi shambani. Kiwavi aliyeanguliwa leo hawezi kusafiri mbali, hivyo akidanganywa mama, mtoto amekwisha. Hilo ndilo walilolitumia Zeyaur Khan na wenzake wa kituo cha utafiti wa wadudu cha ICIPE huko Mbita, kando ya Ziwa Victoria, wakishirikiana na Rothamsted ya Uingereza, katika miaka ya 1990. Mbinu yao huitwa vuta-sukuma. Katikati ya mistari ya mahindi hupandwa desmodiamu, ambayo harufu yake humfukuza nondo. Kuzunguka shamba hupandwa Napier. Giza likiingia tu, Napier hutoa harufu nyingi kuliko mahindi, na nondo huenda kutaga huko. Viwavi wakianza kutoboa, Napier hutoa utomvu wa kunata na wengi wao hufa. Basi mama nondo amechagua kwa pua, na pua imemponza!

Mbinu hiyo imesaidia hata kwa viwavijeshi vamizi walioingia Kenya mwaka 2017. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba mashamba ya vuta-sukuma yalikuwa na viwavi hao pungufu kwa zaidi ya asilimia 80.

Mama yangu hutia jivu katikati ya majani machanga, mmea mmoja mmoja, mpaka mgongo unamuuma. Nilipomweleza haya aliniuliza, "Na hiyo mbegu ni bei gani?" Ni ghali, kweli. Lakini Napier tayari tunayo ya ng'ombe, na desmodiamu huota hata kwa vipande vya shina vikipandwa wakati wa mvua. Kinachotakiwa ni jirani mmoja mwenye nayo.